Barua pepe 412 ziko kwenye foleni ya seva yetu: nizifute?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya walimu huku Kongwa, na kwa sababu nilisoma kompyuta kidogo nimekabidhiwa na seva pia. Ni kompyuta ya mezani yenye Debian (mfumo wa uendeshaji) na Postfix (programu ya kusafirisha barua pepe). Kila mwisho wa mwezi programu yetu inawatumia wanachama 640 taarifa za akiba na mikopo kwa barua pepe, kila mmoja PDF yake. Ijumaa jioni umeme ulikatika kazi ikiwa katikati. Ukarudi usiku, lakini intaneti ikawa ya kuja na kuondoka mpaka Jumapili. Jumatatu nimeandika mailq, amri ya kuonyesha foleni, nikakuta barua 412. Nimeweka cron, yaani kazi inayojirudia yenyewe kwa ratiba, inayopiga postqueue -f (amri ya kusukuma foleni) kila dakika, hazipungui, bando linaisha, na kuna wanachama wanasema wamepata taarifa mara mbili. Fundi mmoja kijana amesema foleni imeharibika, nifute zote nianze upya. Mwenyekiti ananipigia simu kila saa. Nizifute? Na nikizima seva zitapotea?"

Marahaba, ndugu yangu. Siku ile nilikujibu kwa mistari michache tu: usifute kitu, itoe hiyo cron, na uongeze siku za foleni. Leo nina nafasi, nikueleze sababu, maana mkoa huu umejaa wahasibu, makatibu muhtasi na walimu wa hesabu waliopewa "na seva pia".

Nianze na hilo neno la fundi wako, kwamba foleni imeharibika. Kwa maelezo yako, foleni ndicho kitu pekee kilichofanya kazi yake wiki ile. Umeme ulikatika, intaneti ikayumba siku mbili, na Jumatatu asubuhi barua 412 zimekaa palepale zinasubiri usafiri. Kama ungekuta mailq tupu, hapo mimi ningeshtuka: zimekwenda wapi?

Bila shaka umewahi kutuma kifurushi kwa basi kutoka stendi ya Nanenane hapa Dodoma. Unafika dirishani, karani anaandika jina la mpokeaji na namba yake ya simu, anakukatia risiti. Kabla ya risiti, mzigo ni wako. Ukisahaulika pale kaunta, umeusahau wewe. Baada ya risiti, mzigo ni wa karani. Basi la leo likiharibika Mtera, hapigi teke kifurushi, anakipandisha la kesho. Korongo likijaa maji, anasubiri yapungue. Anakurudishia mzigo kwa sababu mbili tu: amehakikishiwa kuwa huko uendako hakuna mtu wa jina hilo, au umekaa stoo mpaka siku alizojiwekea zimepita.

Postfix iko hivyohivyo. Programu yenu inapoikabidhi barua, Postfix inaiandika kwenye diski, ndani ya /var/spool/postfix, na inahakikisha imeandikwa kweli kabla ya kujibu kwamba imepokea. Jibu hilo ni namba 250, na ndiyo risiti. Hata ruhusa za faili zinaeleza hali: faili ambalo bado linaandikwa lina ruhusa 0600, na likishakamilika linapewa 0700. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kinachobaki ni kipande kisichokamilika ambacho Postfix haitakituma, na programu yenu haikupewa risiti yake. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hapa: ukizima seva hazipotei. Ziko kwenye diski, hazikai kwenye kumbukumbu ya muda. Ukiwasha kesho utazikuta.

Ndani ya folda ile kuna vyumba kadhaa, na ukivijua utaacha kuogopa. Barua iliyotoka kwenye programu ya humohumo ndani ya kompyuta bila kupitia SMTP (lugha ambayo seva za barua huongea) huanzia maildrop. Inasafishwa na kuingia incoming. Meneja wa foleni anaivuta active, ambako inajaribiwa kupelekwa. Ikishindikana kwa sababu ya muda, inawekwa deferred, na humo ndimo zilimo zako karibu zote. Kuna na hold, chumba cha zile ambazo wewe mwenyewe umeagiza zisiguswe. Ukitazama orodha ya mailq, namba ya barua yenye nyota mbele yake iko active saa hiyo. Yenye alama ya mshangao iko hold. Isiyo na alama inangoja.

Sasa tuje kwenye cron, maana hapo ndipo tatizo lako lilipozaliwa.

Postfix ina hesabu yake ya kungoja. Kila sekunde 300, yaani dakika tano, inapitia deferred kuona nani zamu yake imefika. Barua ikishindwa, muda wa kungoja hadi jaribio lijalo unakaribiana na umri wake: yenye dakika 20 itangoja kama dakika 20 nyingine, yenye nusu saa nusu saa nyingine. Haishuki chini ya sekunde 300 wala haipandi juu ya sekunde 4000, ambazo ni saa moja na dakika kama saba. Aliyeiunda, Wietse Venema, alipoitoa mwaka 1998 akiwa IBM, hakuweka ngazi hiyo kwa uvivu. Seva ikishindwa kumfikia mpokeaji, inamwandika kuwa hapatikani kwa sasa na kuziweka kando barua zake nyingine bila kuzijaribu moja moja.

Ukipiga postqueue -f unafuta subira yote hiyo. Unaiambia: sahau wasiopatikana, vuta kila kitu active, jaribu sasa hivi. Kwa kila dakika! Jaribio moja la kuunganisha linangoja sekunde 30 kabla ya kukata tamaa, na mpokeaji mkubwa kama Gmail ana seva tano za kupokelea, kwa hiyo barua moja isiyokwenda inaweza kukushikia mlango dakika mbili na nusu. Kabla haijamaliza, cron yako imeshapiga tena.

Halafu bando. Chukua PDF ya kilobaiti 180. Ikiwekwa ndani ya barua pepe inaongezeka kwa theluthi, inakuwa kama 240, na kwa 412 hiyo ni karibu megabaiti 99. Kwa laini dhaifu ya megabiti moja kwa sekunde, inayotulia, hizo zinaisha kwa dakika 13 hivi. Lakini laini yako haikutulia, na itifaki ya SMTP kwa kawaida haina utaratibu wa kuendelea pale ilipoishia. Barua ikikatika imebakiza kidogo tu, jaribio lijalo linaanza mwanzo kabisa. Mgeni wako akifika mlangoni unamrudisha Dar es Salaam aanze safari upya. Ndiyo maana megabaiti 99 zimekula bando la gigabaiti.

Nisikucheke, kwa sababu nimefanya hilohilo. Miaka ile nikiwa kijana katika ofisi moja hapa mjini, niliweka cron ya aina hiyo nikajiona fundi, nikaenda kula. Niliporudi mpokeaji mkubwa alikuwa ameshatuwekea kikomo kwa kumgongea mno, na barua za bosi, zilizoandikwa saa hiyo, zilikuwa nyuma ya mia tatu za zamani. Amri ile ina mahali pake: mara moja, kwa mkono, baada ya kuhakikisha intaneti imetulia. Na kama unayemjali ni mtu mmoja tu, mfano mwenyekiti, tumia postqueue -i na namba ya barua yake. Inasukumwa hiyo peke yake.

Kuhusu wale wanaosema wamepata mara mbili, waamini. Barua ikimalizika kutumwa, seva yako inangoja risiti kutoka upande wa pili. Kukitokea mkatiko katika sekunde ile, upande wa pili umeshapokea na kuhifadhi lakini wewe hukusikia. Seva yako haina namna ya kujua, inatuma tena. Jambo hili liliandikiwa waraka wa kiufundi, RFC 1047, tangu mwaka 1988, na kanuni ya barua pepe ikachagua upande wake: kufika mara mbili ni heri kuliko kutofika. Cron yako iliongeza idadi ya mikatiko, ikaongeza na nakala. Waambie wanachama deni halijawa mara mbili, ni taarifa ileile.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usiikubali ile "futa uanze upya". Ukifuta 412 na kuendesha programu upya, utawatumia wote 640, wakiwemo ambao zilishawafikia. Kwanza hesabu. Zilizokwenda zinaandikwa kwenye daftari la matukio kwa maneno status=sent; kwenye Debian ya zamani tazama /var/log/mail.log, na kama ni Debian 12 iliyosakinishwa upya, huenda faili hilo halipo, basi tumia journalctl -u 'postfix*'. Jumlisha zilizokwenda na zilizo kwenye foleni. Ikipungua 640, pungufu ni wale ambao umeme ulikatika kabla programu haijawafikia, au walio na anwani mbovu zilizokataliwa moja kwa moja. Hao ndio wa kutumiwa upya, peke yao. Na siku ukilazimika kufuta barua moja, iwe kwa postsuper -d na namba yake. Kamwe usiingie kwenye folda na kufuta faili kwa rm Postfix ikiwa inaendesha.

Kuna mtego ambao hukuutaja, na ndio ulionifanya nikujibu haraka. Kwa kawaida Postfix inashikilia barua siku tano, kisha inairudisha kwa mtumaji. Zako ziliingia Ijumaa jioni; mwisho wake Jumatano jioni. Kama mtumaji wenu ni anwani ambayo hakuna anayeifungua, zingerudi kimya na msingejua. Nilikuandikia amri hii: postconf -e 'maximal_queue_lifetime = 10d', kisha postfix reload. Inazigusa hata zile zilizokwisha kuingia, kwa kuwa umri unapimwa kila inaposhindwa. Weka pia delay_warning_time = 4h. Kwa kawaida onyo hilo limezimwa. Ukiliwasha, mtumaji anapewa taarifa barua ikichelewa saa nne. Lakini hiyo anwani ya mtumaji iwe ya mtu anayesoma!

Na umeme ukikatika, angalia saa. Kompyuta nyingi za mezani huku zina betri ya mazabodi iliyokufa, ile ya duara kama sarafu. Zikiwaka, tarehe inaweza kuwa imerudi hata miaka kumi nyuma mpaka intaneti ije kuirekebisha. Postfix inakumbuka zamu ya barua kwa kuweka tarehe ya faili mbele ya sasa. Saa ikirudi nyuma, zamu ya barua ya Ijumaa inaonekana iko miaka kumi mbele, na haitaguswa. Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi: barua iliyoingia saa ikiwa imepotoka, saa ikisahihishwa inaonekana ina umri wa miaka kumi, na ikishindwa mara moja tu inarudishwa. Betri hiyo ni bei ya chai na vitumbua. Inunue leo, halafu ndipo tuongee habari za UPS, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika.

Sasa kwa nini hazitoki hata intaneti ikitulia? Jibu liko kwenye mailq yenyewe, ndani ya mabano chini ya kila namba, mahali ambapo watu hawasomi. Ukiona Name service error, seva imeshindwa kupata anwani ya mpokeaji: ni intaneti au DNS yako, yaani kitabu cha majina ya mtandao. Ukiona Connection timed out kwa kila mpokeaji kwenye mlango 25 (namba ambayo seva za barua hupokelea), huku kurasa za wavuti zinafunguka vizuri, basi kampuni yako ya intaneti imeufunga mlango huo. Wengi wanaufunga kwa wateja wa kawaida ili kompyuta zenye virusi zisimwage barua taka, na wala si uonevu. Ukiona namba inayoanza na 4, mfano 450, mpokeaji amekuambia rudi baadaye. Wengine hufanya hivyo makusudi kwa mgeni wa kwanza, wakijua mtuma taka harudi na seva yenye foleni inarudi. Inayoanza na 5 huikuti kwenye foleni; hiyo imekataliwa kabisa na imesharudi.

Tahadhari unapotafuta msaada mtandaoni: seva ya barua ya kawaida ya Debian ni Exim, na ushauri mwingi wa zamani ni wa Sendmail ya Eric Allman. Jina mailq limebaki lilelile kwa zote, lakini ukiona mtu anataja /var/spool/mqueue au exim -bp, hazungumzi na wewe.

Tuje kwenye uamuzi. Unaweza kubaki ulivyo, seva yako ikipeleka barua moja kwa moja kwa kila mpokeaji. Sikushauri. Ili uaminike inabidi mlango 25 uwe wazi, anwani ya IP isiyobadilika, jina la kinyume la DNS (IP yako ikiulizwa itaje jina lako), na rekodi za SPF na DKIM zinazothibitisha kuwa barua ni yenu kweli. Tangu Februari 2024 Google wamebana: kila mtumaji awe na walau moja ya hizo mbili, na wanaozidi barua 5,000 kwa siku wawe nazo zote pamoja na DMARC, rekodi inayosema kifanyike nini uthibitisho ukishindwa. Kwa laini ya modemu ya dukani utahangaika mwaka mzima.

Unaweza pia kuachana na seva, ukalipia huduma inayotuma yote kutoka kwake. Ni safi, ila programu yenu itaanza kuongea na intaneti moja kwa moja, na ikikatika katikati ya kazi haina foleni. Utabaki huna karani wa kukukatia risiti.

Mimi ningechagua njia ya kati: foleni ibaki Kongwa, usafirishaji upewe mwingine. Kwenye Postfix unaandika relayhost, yaani seva ya kupitishia barua, ya mtoa huduma wa barua pepe wa jina lenu la kikoa, kwa mlango 587, na nenosiri. Barua zote zinakwenda kwa seva moja inayoaminika. Intaneti ikikatika zinangoja kwako kwa usalama. Weka na smtp_destination_concurrency_limit = 2, maana kawaida ni hadi 20 kwa mpigo, na laini yako ikibeba 20 kwa pamoja kila moja inakwenda kwa kutambaa na zote zinakatika. Kabla ya kulipia, muulize mtoa huduma kikomo cha barua kwa saa. Wengine huweka mia moja au mbili, na 640 zako zitapokelewa kidogo kidogo. Foleni itashughulikia hilo, wewe usiiguse. Kama mnategemea bando la usiku, kuna defer_transports = smtp: barua hazitoki mpaka postqueue -f ipigwe, na hapo cron ya mara moja, saa saba usiku, ina maana.

Jambo moja la pembeni ambalo mwenyekiti angepaswa kukuuliza badala ya kasi. Piga postcat -q na namba ya barua yoyote iliyo kwenye foleni. Umeona? Jina la mwanachama unalisoma wazi, na PDF imefungwa kwa base64, ambayo si siri, inafunguliwa na yeyote. Mikopo ya walimu 412 iko kwenye kompyuta ya mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na SACCOS haiko nje yake. Kwa hiyo kompyuta hiyo isipelekwe kwa fundi na diski yake ikiwa ndani, wala isiuzwe chakavu hivihivi. PDF zenyewe zifungwe kwa nenosiri.

Mengi ya haya utayaweza mwenyewe. Ila kuna hali ambazo usihangaike peke yako kwa simu. Ukikuta mafaili ndani ya folda ya corrupt, au daftari la matukio linataja hitilafu ya kusoma diski, zima mashine na uite mtu. Kila dakika inayoendelea kuwaka inaweza kuongeza hasara. Ukikuta kwenye mailq barua ambazo SACCOS haikuziandika, maelfu, kwa wapokeaji usiowajua, nenosiri la mtu limeibiwa: chomoa waya wa mtandao kwanza, maswali baadaye, na TZ-CERT, kikosi cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao, wanapokea taarifa za matukio ya namna hiyo. Na kama Postfix inakataa kupokea barua kwa 452, tazama nafasi ya diski kwa df -h kabla ya kumwita yeyote; mara nyingi ni picha za harusi za mtu.

Fundi akija, hapa Dodoma hawakosekani, usimkaribishe kwa "foleni imeharibika". Mpe karatasi yenye sababu tatu ulizozisoma ndani ya mabano ya mailq, saa ya kompyuta ulivyoikuta baada ya umeme kurudi, na idadi ya status=sent. Na ukae naye pembeni anapoandika. Akianza kuandika postsuper -d ALL, mshike mkono.